Kura Moja, Wagombea Wanane, Usingizi Hakuna

Muulize Shangazi
Bukoba, Oktoba 2015

Kwa kawaida barua zinazonifikia ni za mirathi ya kibanja, mawifi wakorofi na waume wanaochelewa kwenye rubisi. Wiki hii hakuna wifi hata mmoja. Wote mnaulizia uchaguzi wa tarehe 25.

Shangazi,
Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nyanga. Mwaka 2007, Dk. Slaa wa upinzani aliposoma orodha ya mafisadi pale Mwembe Yanga, nilikata ukurasa wa gazeti nikaubandika sebuleni karibu na picha yetu ya ndoa. Jina la Edward Lowassa limo. Miaka yote hii kila mgeni anayekuja nampeleka ukutani asome. Sasa wapinzani wale wale walionipa orodha wananiletea Lowassa awe mgombea wao nimwekee alama ya vema. Nikigeukia upande wa pili namkuta Magufuli wa CCM anapiga pushapu jukwaani na kuahidi kufagia uozo, kana kwamba chama chake kimehamia Ikulu juzi. Mke wangu anasema Magufuli ni wa Chato, kwa hiyo ni wetu. Mwanangu anashinda anazungusha mikono na kuimba mabadiliko ya Lowassa. Nibandue ukurasa, nibaki nyumbani, au niharibu kura?
Nshomile Aliyekwama, Nyanga

Shikamoo Mwalimu. Ukurasa usiubandue, ila uutendee haki. Andika pembeni kwa kalamu kwamba Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, akaondoka pamoja na mbunge wa hapa hapa Bukoba Vijijini aliyekuwa waziri wa nishati, na kwamba hadi leo hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Kisha ongeza kuwa tarehe 1 Septemba mwaka huu msomaji wa orodha mwenyewe ametundika daluga. Hapo wageni wako watakuwa na cha kusoma mpaka chai ipoe.

Hasira yako naielewa, lakini imechelewa. Majina hayo mawili hayakupita Nyanga kuomba ruhusa. La Magufuli lilichujwa Dodoma mwezi Julai: waliorudisha fomu za CCM walikuwa 38, wakabaki watano, wakabaki watatu, mpaka wajumbe elfu mbili na ushee wakampitisha mmoja. La Lowassa lilihama chama tarehe 28 Julai, na tarehe 4 Agosti likapitishwa Mlimani City. Wiki moja, waitu! Kwetu hata posa ya binti hupewa muda zaidi. Na mgombea binafsi usinitajie. Mchungaji Mtikila, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 4 mwezi huu, alilipigania jambo hilo tangu miaka ya 1990. Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na sheria yetu haijageuza hata ubavu.

Ila kuna wengine sita kwenye karatasi hiyo, akiwemo Mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke peke yake kati ya wote wanane. Katika barua zote nilizopata hakuna aliyemtaja. Tunalia kwamba hatuna wa kumchagua huku watu sita wamesimama wanatutazama.

Kubaki nyumbani? Mwaka 2010 waliojiandikisha walizidi milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9. Rais Kikwete alishinda kwa kura milioni 5 na laki mbili na ushee. Waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya mara mbili ya hizo, na sijasikia hata mmoja wao aliyeitwa kuulizwa amekasirishwa na nini. Kwa sheria yetu anayepata kura nyingi kuliko wenzake amemaliza kazi: hahitaji nusu, hakuna duru ya pili, na Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza huwezi kwenda mahakamani. Kuharibu kura nako kulijaribiwa. Mwaka huo huo kura laki mbili na ushee za urais ziliharibika, na wanaohesabu hawamtenganishi aliyekasirika na aliyetetemeka mkono.

Wewe, Mwalimu, unakumbuka enzi za chama kimoja. Jina la rais lilikuwa moja, nawe unajibu Ndiyo au Hapana. Tuliambiwa vyama vingi vitatupa uhuru zaidi. Vimetupa nyuso nane, na ile Hapana imeondolewa. Kama kuna barua ya kuiandikia Tume, iandikie hiyo, maana mimi sina uwezo wa kuirudisha.

Kuhusu ujirani, mwambie mama kwamba Chato ilikuwa Kagera mpaka mwaka 2012 ilipopelekwa Geita. Halafu jirani anayetupa bei nzuri ya kahawa yuko Uganda, na hagombei. Acha kumtafuta wa kumpenda. Jiulize ni yupi utakayeweza kumdai. Meli yetu ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Mwaka 2010 tuliahidiwa meli mpya, na sasa hata MV Victoria imesimama. Ambaye unaona ukimuuliza habari ya meli atakasirika kidogo kuliko mwenzake, huyo muwekee vema. Kisha usiondoke, kuna karatasi mbili zaidi, ya mbunge na ya diwani. Miaka hii madiwani wetu wamegombana kwa sababu ya meya mpaka soko likabaki kwenye mazungumzo, na wale hawakuletwa na Dodoma. Tuliwachagua sisi, tena bila kukosa usingizi.

Shangazi, mimi ni bodaboda Muleba. Nimewekewa mafuta na pande zote mbili, na nina fulana za kijani na za bluu. Dhamiri inanisumbua.
Tangi Limejaa

Mwanangu, dhamiri ingesumbua kabla tangi halijajaa. Fulana zote vaa shambani, maana kituoni huruhusiwi kuingia na sare ya chama. Ukifika kwenye kile kiboksi hakuna aliyekuwekea mafuta atakayekuona. Lakini wakikuta barabara yenu bado ya vumbi mwaka 2020, watasema walishakulipa.

Shangazi, mume wangu anasema nyumba yetu ina kauli moja, kwa hiyo kadi yangu ya mpiga kura ataitunza yeye.
Mama wa Kamachumu

Dada, ile kadi ina picha yako, nawe ulitoa alama za vidole vyako ulipojiandikisha. Mwombe akupe vidole vyake pia avitunzie pamoja. Akikataa kuirudisha, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mchana kweupe, watu wakiwepo. Na ukishapiga kura, akikuuliza umempa nani, mjibu alilotaka kusikia. Kwa hilo nitamjibu Padri mimi mwenyewe.

Shangazi, Tume inasema tukishapiga kura twende nyumbani. Wapinzani wanasema tukae mita 200 tulinde kura. Jambo lenyewe limefika Mahakama Kuu. Sasa kituo chetu ni shule ya msingi, na baraza langu liko hatua mia moja kutoka geti la shule. Nikienda nyumbani nimetii au nimekaidi?
Jirani wa Kituo, Rwamishenye

Wewe ndiye mtu pekee nchi hii aliyezifurahisha pande zote mbili. Rudi nyumbani kama ulivyoagizwa, toa kigoda barazani, weka mkungu mbele yako na uanze kumenya ndizi za jioni. Askari akija kuuliza unafanya nini, mwonyeshe kisu na ndizi. Wanahesabu mpaka usiku, kwa hiyo chagua mkungu mkubwa.