Ahadi Iliyokatikia Gigabaiti ya Nne

Mpiga video za harusi wa Dar es Salaam mali yake iko kwenye droo. Zangu zimejaa flashi, kadi za memori, hadi diski mbili zinazogombania waya mmoja, na sidii ambazo kompyuta yangu ya sasa haina hata mdomo wa kuzimeza. Humo ndimo walimo mabibi harusi wa nusu ya Temeke. Wateja hawajui hilo. Wanadhani video ikishalipiwa inakaa "kwenye kompyuta", na mtu akipiga simu baada ya miaka, mimi ni kubofya tu.

Ndiyo maana nilimkaribisha Cathy. Ni kiprogramu cha bure cha Windows, chepesi kuliko picha moja ya simu. Unachomeka diski, kinasoma majina ya mafaili yote na ukubwa na tarehe zake, kinaandika katalogi, basi. Diski unaichomoa na kuitupa droo yoyote. Siku nyingine ukitafuta "keki", kinakuonyesha keki zote na diski zilimolala, ingawa hakuna hata moja iliyochomekwa. Wenye Mac wana NeoFinder, iliyoanza mwaka 1996 ikiitwa CDFinder, enzi ambazo sidii ya megabaiti 650 ilikuwa mali ya kurithisha.

Mama yangu, alipokuja kutoka Tanga kunijulia hali, alinisikia nikimwambia mteja kwenye simu, "Subiri nimuulize Cathy, yeye hasahau." Usiku akanikalisha kitako. Huyo Cathy ni wa wapi? Nikamweleza kwamba ni programu, haina kwao. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeshakwenda kujitambulisha. Ukirekodi harusi za watu kila Jumamosi na wewe mwenyewe huna hata mchumba, mama hung'ang'ania jina lolote la kike linalopita.

Basi, mwezi uliopita akapiga bibi harusi mmoja wa zamani. Hakuwa na utani. "Kaka, ile video ya sendofu yangu ipo?" Mumewe siku ile, maiki mkononi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, alimwahidi mama mkwe nyumba. Sasa anakana, na kikao cha familia ni Jumapili. Sijaweka simu chini, mume naye huyo hapo. "Kaka, salama? Eti zile video za zamani huwa zinaharibikaga zenyewe, si ndiyo?"

Cathy alijibu papo hapo. Sendofu ina sehemu mbili, kila moja kwenye flashi yake, na flashi zote mbili zinaitwa HARUSI YA A. Flashi ya FAT32 haikubali jina linalozidi herufi 11, na "HARUSI YA A" inatimiza 11 ukihesabu na nafasi. Asha, Amina, Anna, Agness, wote wakaishia hapo. Heri kila diski inapofomatiwa hupewa namba yake ya utambulisho, na katalogi huihifadhi. Jioni nzima nilichomeka flashi moja moja nikikagua namba kama trafiki wa Mbezi.

Sehemu ya kwanza ikapatikana. Bwana harusi, suti ya bluu, anamgeukia mkwewe: "Mama, mbele ya Mungu na wazee hawa, nitaku..."

Kioo cheusi. FAT32 haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo kamera ikikaribia hapo hukata na kuanza faili jipya, haijali nani anaahidi nini. Nikamtumia bibi harusi kipande hicho, naye akakirusha kwenye grupu la familia. Mume hakuchelewa: "Si mnasikia? Nilikuwa nasema nitakukumbuka." Shemeji yake akasema yeye alikuwepo, na neno lilikuwa nitakusalimia.

Flashi ya pili alikuwa ameiazima binamu yangu kwa dakika mbili, zile dakika mbili za Kiswahili. Niliikuta kwenye redio ya gari lake ikipiga taarabu. Nilipoichomeka, Cathy akaiona ngeni kabisa: redio ilikuwa imegoma kuisoma, binamu akaifomati, nayo ikapata namba mpya. Kwenye katalogi, lakini, sendofu bado ipo, salama salimini. Katalogi inakwambia diski ilivyokuwa siku iliposomwa. Yaliyoipata baadaye si kazi yake.

Nikaitia PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo huokota yaliyosalia kwenye diski iliyofomatiwa. Iliokota, ila mafaili hurudi bila majina, herufi f na mkia wa tarakimu. Nikafungua moja baada ya jingine. Nilipata wapishi wakigombania mwiko. Ahadi yenyewe ilikuwa imekaliwa na taarabu.

Nikarudi kwa Cathy, safari hii nikatazama tarehe badala ya jina. Siku ile ile, kamera ya pili, faili lenye namba tupu, diski iitwayo MAMA. Mama yangu hapendi tamthilia. Kila akirudi Tanga mimi humjazia flashi ya harusi za watu akatazamie kwenye runinga yake.

Nikampigia. "Ile ya kijana wa suti ya bluu?" akasema. "Hiyo nimeitazama mpaka naijua kwa moyo. Vyumba vitatu, choo cha ndani, na kisima."

"Mama, naomba uitume kwa basi la kesho."

"Naileta mwenyewe. Kikao saa ngapi?"

Nikaona ni uungwana kumjulisha mume kwamba video imepatikana. Alivuta pumzi.

"Kaka," akasema, "na pale kwenye kisima, panasikika?"