Yai Viza Chini ya Kitanda

Harufu ilianza Jumatano usiku, na kwa saa nzima niliamini ni soksi zangu.

Chini ya kitanda changu hapa Walukuba, Jinja, palikuwa na jerikani ya lita 20 yenye bia. Kukaa Jinja humpa mtu kiburi: ng'ambo ya Nile, pale Njeru, kiwanda cha bia kipo tangu miaka ya 1950, nami nikajiambia, wao wamenizidi nini? Nilitia kimea cha shayiri kidogo, kwa kuwa ni ghali, na sukari nyingi, kwa kuwa Kakira, penye kiwanda cha sukari, ni jirani.

Alhamisi ua mzima ulinuka yai viza. Mama wa chumba cha pili akazibua mtaro. Mwenye nyumba akaja na fundi bomba. Fundi akanusa, akataja bei, akaondoka. Ndipo mtu akamkumbuka kijana anayeuza rolex getini. Rolex yetu, msomaji wa mbali, si saa; ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga. Trei yake ikatumbukizwa yai moja moja kwenye beseni la maji, ili litakaloelea lihukumiwe. Halikuelea hata moja. Najua, maana mshika beseni nilikuwa mimi.

Ijumaa nikaikimbiza jerikani Mbale kwa shangazi. Ilikuwa Agosti 2024, na kwa Wagisu mwaka wa shufwa ndio mwaka wa imbalu, yaani tohara, kwa hiyo alikuwa akipika malwa, bia ya wimbi, kwa ajili ya tohara ya mjukuu wake. Sasa, bia inayochacha haisafirishiki. Ukikaza kifuniko, jerikani inavimba kama ina mimba ya miezi tisa. Ukikilegeza, abiria wanajua. Iganga nililegeza kidogo tu. Dereva akashusha kioo. Mzee mmoja mwenye suti, Biblia mapajani, alikodolewa macho na gari zima mpaka Tirinyi. Mwishowe, kwa adabu za wazee, akaomba radhi.

Shangazi huniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la babake. Alifungua kifuniko, akanusa, wala hakukunja uso.

"Baba, umeilisha nini?"

"Sukari."

"Na nini?"

"Na kimea. Kidogo."

Akacheka mpaka akashikilia mtungi. "Mwenzio ana njaa. Mtu mwenye njaa hanuki mdomo?"

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hakuwa akitania. Hamira huhitaji naitrojeni ili ikue. Kimea kinayo, sukari karibu haina. Ikiikosa, salfa iliyokuwa iitumie inatoka bure kama haidrojeni salfaidi, gesi ile ile ya yai viza, ambayo pua ya binadamu huikamata hata ikiwa chembe. Bia za lager hutoa harufu hiyo hata zikilishwa vizuri, na hilo jina la Kijerumani lenyewe lahusu ghala: huwekwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa, harufu ikaishia humo. Dawa kubwa ni kuiacha. Kaboni dayoksaidi ikipanda, huibeba harufu nje. Wapo pia wanaotumbukiza kipande cha shaba, kwa sababu shaba huinasa salfa.

Shangazi hakuwa na shaba. Aliiweka jerikani nyuma ya banda la mbuzi, akairudia kazi yake: unga wa wimbi uliochachushwa siku kadhaa, ukakaangwa juu ya bati, ukaanikwa, sasa ukisubiri maji na kimea. Ulinukia kama mkate uliopita karibu na moshi. Nilinyamaza.

Wiki tatu baadaye nilirudi. Jerikani haikunuka kitu. Wazee walionja funda moja moja, wakaniambia ahsante, wakarudi kwenye mtungi na mirija yao.

Kijana wa rolex bado yuko getini. Siku hizi, kabla ya kupasua yai, humwonyesha mteja kwanza kwenye beseni la maji. Sijamwambia. Nawe ukipita Walukuba, nunua mbili, unyamaze.