Namna ya Kuandika Upya Sheria ya Vibao Bila Kumfungia Mtu Duka

Mheshimiwa mwakilishi wadi, umekabidhiwa kazi ya kurekebisha sheria ya matangazo ya nje ya jiji la Mombasa. Weka kalamu chini, vaa ndala. Kazi hii haianzii mezani.

Nenda Mtaa wa Biashara saa nne asubuhi, ukamtafute fundi cherehani ambaye hujawahi kufika kwake. Usipige simu wala usiulize mtu. Fuata vibao tu. Ukimfikia moja kwa moja, kibao chake kinafanya kazi. Ukimpita mara mbili ukajikuta sokoni Marikiti huku jasho linakutiririka, basi umejifunza jambo ambalo hakuna ripoti ingekufunza. Sisi hatuelekezani kwa nambari za nyumba. Tunaambiana: shukia penye Pembe za Ndovu, pita kinyozi mwenye picha ya mchezaji mpira ukutani, kata kona penye kibao cha duka la dawa. Kibao cha jirani kinamfikisha mgeni kwako. Ukikiondoa kwa sababu hakijalipiwa, umeondoa anwani ya mtaa mzima.

Sasa fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kazi ya kudhibiti matangazo ya nje ilipewa kaunti, na imetajwa katika kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Sawa. Bango lililosimama juu kuliko nyumba ya ghorofa, likamziba dereva asione makutano, ni kero kweli. Lakini ubao ulioandikwa kwa brashi "Chapati na maharagwe ziko tayari" unamkera nani? Vitenganishe viwili hivi tangu ukurasa wa kwanza wa sheria: bango ni biashara ya kukodisha macho ya wapita njia, kibao ni jina la mwenye duka mlangoni pake. Visilipishwe kwa kipimo kimoja.

Kipimo chenyewe kipo. São Paulo, huko Brazil, walipoanza kutekeleza sheria yao ya jiji safi mwaka 2007, waliyaondoa mabango makubwa yote na vibao vya maduka wakavipima kwa upana wa jengo: chini ya mita 10, tangazo lisizidi mita za mraba 1.5, kuanzia mita 10 hadi chini ya 100, mita za mraba 4. Mwenye duka anapima mwenyewe kwa tepu, bila kumwita afisa. Na mita moja u nusu ya mraba inatosha. Mafundi wa vibao hukadiria hivi: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3, kwa hiyo herufi ya sentimita 10 inamfikia mtu aliye mita 12, ng'ambo ya barabara. Andika basi: kibao cha ukubwa huo, kikiwa kwenye ukuta wa duka lenyewe, kimeshalipiwa ndani ya leseni ya biashara. Hakina stakabadhi ya pili.

Hapa simama, uulize rangi ya kibanda ni ya nani. Kampuni ya soda au ya simu inakuja na ndoo, inapaka kibanda kizima rangi zake, jina lake linakuwa kubwa kama mlango, na la mama mwenye kibanda linabanwa pembeni kwa herufi za kidole. Mama anafurahi, ukuta umependeza bila gharama. Kisha anakuja askari wa kaunti kudai ada ya tangazo, na anayedaiwa ni mama! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Chukua tepu ileile: jina lililo kubwa zaidi ukutani ndilo lilipe, na bili iende ofisini kwa kampuni.

Kuhusu rangi, kuwa na kiasi. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji yapakwe nyeupe na kingo za bluu. Mji ulipendeza, ila rangi ilinunuliwa na mwenye nyumba. Kwa Mji wa Kale, kataza masanduku ya plastiki yenye taa yanayoziba milango ya nakshi na roshani za mbao, kisha uwape wenye maduka muda wa kutosha kubadilisha, na uwaachie waandishi wa brashi uhuru wa herufi zao. Mikono hiyo ni urithi kama milango ilivyo.

Nawe mwenye duka unayesoma haya: ada hizi hupangwa upya kila mwaka katika mswada wa fedha wa kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lisikilize wananchi. Kikao kikitangazwa, funga duka kwa saa mbili. Nenda na picha ya kibao chako, vipimo vyake na stakabadhi zote ulizotozwa, uviweke mezani.