Nusu Kichwa kwa Ajili ya Desmond

Tamthilia ya Lost, ya abiria walioanguka na ndege kisiwani, ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2004 ikamalizika Mei 2010, lakini kwa kinyozi wetu wa Likoni haijamalizika. Ukikaa kitini, kabla hata kitambaa hakijafungwa shingoni, unaulizwa episodi kali ni ipi na mbovu ni ipi. Jibu vizuri, anayekuuliza ana wembe mkononi.

Yeye mwenyewe hana shaka: ni "The Constant" ya msimu wa 4. Akili ya mhusika Desmond inarukaruka kati ya 1996 na 2004, na asipompata kwa simu Penny, mwanamke waliyeachana miaka 8 nyuma, atakufa. Anapiga, betri inakaribia kukata, na Penny anapokea! Akifika hapo, kinyozi huiweka mashine sikioni na sauti humkwama.

"Miaka minane laini ile ile?" fundi simu hung'aka. "Hapa mtu akidaiwa mia mbili tu hapatikani."

Kwenye episodi mbovu ndiko kuna vita. Dereva wa tuktuk hutaja "Stranger in a Strange Land", inayopoteza muda wote kueleza mhusika mkuu, Jack, alichorwa wapi tatuu yake. Mzee wa kahawa anashikilia "Exposé": Nikki na Paulo, wezi wa almasi, wanaumwa na buibui, wanapooza, na wenzao wanawazika wakiwa hai.

"Maiti huoshwa kwanza!" Mzee hufoka, vikombe vikigongana mkononi. "Wangewaosha, wangejua wazima."

Ukiwasikiliza sana utagundua kila mtu anahukumu kopi yake. DVD za enzi zile zilibanwa misimu kadhaa kwa sahani moja. Ikikwaruzika kidogo, watu wa kisiwani wanaganda midomo wazi. Fundi aliuziwa "The Constant" yenye maandishi ya filamu nyingine, kwa hivyo kwake Penny alipokea simu akaanza kujadili bei ya bunduki. Dereva naye alizimalizia tokeni zake za mwisho za stima kwenye tatuu ya Jack. Angeipendaje?

Jumamosi moja ubishi ukahamia episodi ya mwisho. Dereva akasema wote walikufa siku ndege ilipoanguka. Nikamweleza kuwa babake Jack alitamka waziwazi: yaliyowapata yalikuwa ya kweli. Ulimwengu wa baada ya kifo ni ule wa pembeni tu, wa msimu wa 6. Kilichowachanganya watu ni kituo cha ABC, kwa kupachika mwishoni picha za mabaki ya ndege ufuoni.

Kinyozi akafurahi kupata mwenzake. Akaona anikumbushe na Desmond, akaipeleka mashine sikioni, na stima ikapotea.

Upande wa kulia nilikuwa bwana harusi. Wa kushoto, mtu aliyekaa kisiwani misimu yote 6. Hakuna aliyenihurumia. Mashine ilipozima, ubishi ulisikika vizuri zaidi. Nami baada ya alasiri nilitakiwa ng'ambo ya feri, kwenye posa ya binamu yangu, nikiwa msemaji.

Mzee wa kahawa akanitazama, akavua kofia yake ya vito, akabaki nayo mkononi.

"Mwanangu, episodi mbovu ni ipi?"

"Exposé, Mzee. Walistahili kuoshwa kwanza."

Akanivika mwenyewe.