Pini 38, Kila Moja na Masharti Yake

Bodi ya ESP32 ninayoitumia zaidi mezani kwangu ina miguu 38, kumi na tisa kila upande, na mteja akiiona lazima aulize: "Kwa hiyo hapo fundi unaweza kuunganisha vitu 38?" Huwa namjibu kwa mfano wa nyumba za kupanga za hapa Musoma. Unaambiwa nyumba ina vyumba vitano. Ukishalipa kodi ya miezi sita ndipo unagundua kwamba kimoja mwenye nyumba amefungia makochi yake, cha pili ni njia ya wapangaji wa uani, cha tatu hakina dirisha, na cha nne utakitumia ila usiwashe jiko. Basi utalala hichohicho cha tano.

Miguu kadhaa ni ya kuingizia umeme tu. Pini 6 hadi 11 zimeshikwa na memori inayotunza programu. Ukizigusa, chipu inapoteza fahamu. Kuanzia 34 hadi 39 zinapokea tu, hazitoi, tabia ambayo kila ukoo una wawakilishi wake. Pini 1 na 3 ni za kuongea na kompyuta. Halafu kuna 0, 2, 5, 12 na 15, ambazo chipu huzitazama pale inapoamka ili ijue iamke vipi. Yote haya yameandikwa. Watengenezaji wake kule Shanghai hawakuficha kitu. Wameyaandika tu kwenye ukurasa ambao mtu huufikia akiwa ameshalia.

Kinyozi mmoja wa Nyasho alifungiwa taa za kibao chake kwenye pini 1. Kila umeme ukirudi, chipu huanza kutangaza habari za kuamka kwake kupitia pini hiyohiyo, na taa zinapepesa kwa fujo. Watu walidhani kafungua disko. Huyo hakulalamika sana, wateja waliongezeka.

Bunda kulikuwa na kijana wa bustani ya nyanya. Sensa yake ya unyevu wa udongo aliiunganisha pini 26. Bila intaneti ilipima vizuri kabisa. Akiwasha Wi-Fi ili asome vipimo akiwa stendi, namba zinagoma, kwa sababu kifaa cha kupimia kilicho nyuma ya pini ile kinahitajiwa na Wi-Fi yenyewe. Chipu ilikuwa inamwambia achague: ipime inyamaze, au iongee bila kuwa na la kusema. Tukahamishia sensa pini 33, nikalipwa nyanya.

Butiama ndiko kulikonitoa jasho. Bibi mmoja mfuga kuku, hatua chache kutoka barabara ya kwenda makumbusho ya Mwalimu Nyerere, alitengenezewa bodi na mjukuu wake aliyeko chuo. Bodi nzuri, ya kijani, imechapishwa China, ina hadi jina la bibi kwa herufi nyeupe. Kazi zake zilikuwa mbili: kuzima pampu tenki la maji likijaa, na kuwasha taa za kuwapasha joto vifaranga kwenye bruda. Shida ni kwamba kuna siku umeme ukikatika na kurudi, nyumba nzima inawaka isipokuwa bruda.

Nikapanda Hiace pale Bweri. Ikasubiri ijae, ikajaa, ikasubiri ijae zaidi. Kufika Butiama, taa za vifaranga zinawaka vizuri na ugali umeshasongwa, hivyo ikaonekana nimekuja kula. Nikapima volti, nikakaza skrubu, nikapuliza vumbi (fundi asiye na jibu hupuliza). Nikarudi Musoma. Simu ikaita tena. Nikaenda tena. Taa zinawaka.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani alisema umeme wa kijiji ni mdogo. Mjukuu akasema kwenye simu kwamba programu haina tatizo, labda mazingira. Mtu wa programu akitaja mazingira, jua anakusema wewe.

"Mwanangu," bibi akasema, "hii kitu haitaki tenki lijae. Ikigoma nawaamsha watoto wachote ndoo kadhaa wakamwagilie migomba. Maji yakishuka, taa zinawaka zenyewe."

Mkwewe akacheka hadi akashika ukuta. Mimi nikafungua kasha na kuufuata waya wa boya la tenki hadi ulipoishia. Pini 12.

Chipu hii inapoamka huiangalia pini 12. Ikiikuta haina umeme, inaipa memori volti 3.3. Ikiikuta ina umeme, inaelewa kwamba memori iliyofungwa ni ya volti 1.8, na inaipa hizohizo. Memori ya bibi ni ya 3.3. Sasa tenki likiwa limejaa, boya linapeleka umeme pini 12. Umeme wa nyumba unarudi, chipu inaamka, inaipunja memori, programu haisomeki, inaanza upya, inaangalia pini 12, inaipunja tena, na kuendelea hivyo hadi mtoto mwenye usingizi achote ndoo. Na kwa jinsi Hiace zinavyojaza, kila nilipofika tenki lilikuwa limeshapungua.

Kwa nini 12? Kwa sababu tundu la waya wa tenki lilichorwa pembeni mwa bodi, na pini 12 ndiyo ilikuwa jirani, njia ya shaba ikanyooka bila kukatiza nyingine. Kwenye skrini ilipendeza mno. Mimi naona pini zenye masharti zipangiwe kazi kwanza, kwa kalamu na karatasi, ndipo njia zipinde zinavyotaka. Nilimwambia mjukuu hivyo. Akajibu kwamba bodi nyingine zimo kwenye boksi, zote zimenyooka vilevile.

Kuna fyuzi ya ndani unayoweza kuichoma kwa programu ili chipu isiiulize tena pini 12 maisha yake yote. Ukiichoma hairudi, na mambo yasiyorudi siyafanyi mwenye mali akiwa amekaa kigoda mbele yangu. Nikakata njia ya shaba kwa wembe, nikalehemu waya mwembamba kutoka kwa boya hadi pini 34, ile ya kupokea tu, maana hapa kupokea ndiko kulikotakiwa. Pini hiyo haijui kujishusha yenyewe, nikaiongezea rezista ya kilo-omu 10. Kwenye programu nikabadilisha namba moja. Tukajaza tenki hadi juu, nikazima swichi kuu, nikawasha. Bruda ikawaka.

Watoto ndio hawakufurahi. Ile kazi ya usiku ya kumwagilia migomba ilikuwa inalipwa maandazi.

Bibi akaishika bodi, akaigeuza.

"Na huo mguu wa 12 sasa utafanya kazi gani?"

"Hauna kazi, bibi."

"Lakini uliponunuliwa ulihesabiwa?"

"Ulihesabiwa."

"Basi na wewe uhesabu kwenye malipo yako, upunguze."