Sifa za Usubi wa New Zealand

Usubi wa New Zealand ni nzi mdogo mweusi wa jenasi ya Austrosimulium, mwenye urefu wa milimita mbili au tatu tu, na ndiye mwenyeji mwaminifu kuliko wote katika safari ndefu ya gari na miguu kwenye Kisiwa cha Kusini. Milima hujificha mawinguni hata siku tatu mfululizo. Pomboo hutokea wakipenda. Kea, yule kasuku wa milimani, huja kung'oa mpira wa kioo cha gari kisha akaruka zake. Usubi hana mambo ya kubahatisha: gari likizimwa kando ya kijito huko pwani ya magharibi, dereva hajafungua mkanda naye keshafika kwenye kioo, pamoja na ukoo wake mzima.

Anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji damu ya kukuzia mayai. Hadungi kama mbu. Hukata ngozi kwa taya zake, akangoja damu ijae kwenye kidonda, ndipo akanywa. Ni kazi ya wazi isiyo na hila. Mbu aenezaye malaria huja usiku watu wamelala. Usubi huja mchana kweupe, akizidisha bidii alfajiri na jioni, na giza likiingia anakwenda kupumzika, jambo ambalo waajiri wengi wangelipenda kwa vibarua wao. Mayai hutagwa kwenye maji yatiririkayo, na viluwiluwi hung'ang'ania mawe wakichuja chakula kinachopita na mkondo. Kwa hiyo hakosi makazi. Ghuba ya Milford Sound, katika eneo la milima la Fiordland, hupata mvua ya zaidi ya mita sita kwa mwaka, wakati Dar es Salaam hupata mita moja na kidogo, na kila bonde la eneo hilo lina mto wake.

Heshima yake ni ya kale. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, husimulia kwamba mungu Tu-te-raki-whanoa alizichonga ghuba za Fiordland kwa tezo lake, zikatoka nzuri mno. Hine-nui-te-po, mungu wa kike wa mauti, alipokuja kuzitazama alihofu kwamba binadamu wakifika hapo hawatataka kuondoka tena, akamwachilia usubi ili wasizoee. Nahodha James Cook alipotia nanga Dusky Sound mwaka 1773 na meli yake Resolution, aliandika kwa uchungu juu ya wadudu hao na jinsi watu wake walivyojikuna hadi kupata vidonda. Si wadudu wengi wa milimita mbili walioingia katika kumbukumbu za Jeshi la Majini la Uingereza.

Manufaa yake kwa msafiri wa gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na sinki ndani, hayajathaminiwa ipasavyo. Kwanza hufundisha adabu ya mlango. Familia ambayo nyumbani huacha milango wazi hujifunza kwa siku moja kuingia kwa ubavu, mmoja mmoja, na kufunga papo hapo. Anayerudi nje kuchukua chumvi huulizwa kama kweli chumvi ni ya lazima. Pili, hufupisha upishi. Mchuzi unaotaka saa nzima kwenye jiko la nje huahirishwa, na tambi za dakika tatu huliwa kwa kutembea, sufuria mkononi, mlaji akizunguka gari bila kusimama. Tatu, humfanya dereva awe mjuzi wa pepo. Usubi ni dhaifu wa kuruka na hapendi upepo, basi mtu ambaye hakuwahi kujua kaskazini ni wapi huanza kulowesha kidole na kukiinua juu kabla ya kuchagua pa kuegesha.

Kisha kuna suala la wageni kuzidi. Serikali imelihangaikia kwa sheria ya mwaka 2011 ya kupiga kambi bila malipo, na kwa marekebisho ya mwaka 2023 yanayotaka magari yanayotambuliwa kuwa yanajitosheleza yawe na choo kilichofungwa humo ndani. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usubi haongoji hiyo ya tatu. Asubuhi ya kwanza magari yameshaondoka, na kiwanja kiko tayari kwa wengine.

Kwa mtembea kwa miguu yeye ni msimamizi wa mwendo. Njia ya Milford ina urefu wa kilomita 53.5 na hutembewa kwa siku nne. Anayetembea hasumbuliwi sana, maana usubi hamfikii. Anayeketi kuvua kiatu ndiye analipa. Juu kwenye Mackinnon Pass, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, upepo humzuia asifanye kazi, na hapo ndipo watu husimama kupiga picha na kugombana juu ya biskuti za mwisho. Njia yenyewe inaishia mahali panapoitwa Sandfly Point, penye kibanda cha kusubiria boti, ambako kila aliyevuka milima hupokewa rasmi.

Wanaomlaumu hutaja mwasho, ambao kweli hudumu siku kadhaa. Lakini New Zealand haina nyoka wa nchi kavu, haina simba wala chui, na mamalia pekee wa asili wa nchi kavu ni popo. Nchi yenye misitu ya namna hiyo isiyo na cha kuogopwa ingekuwa bustani tu, na mzigo huo wa kutisha watu ameubeba usubi peke yake bila kulalamika. Tena hamwambukizi binadamu ugonjwa wowote huko. Jamaa zake wa Afrika, wa jenasi ya Simulium, hueneza ugonjwa unaopofusha, na watu wa Mahenge mkoani Morogoro wanaujua vyema. Hao hawastahili sifa yoyote. Ndege ndio wenye haki ya kulalamika, hasa pengwini aitwaye tawaki, ambaye usubi humtia kimelea cha damu.

Anayepanga safari hiyo achukue nguo za rangi nyepesi zenye mikono mirefu, kwa kuwa rangi nyeusi humvutia usubi, na dawa ya kujipaka yenye DEET au picaridin. Nafasi za kulala kwenye njia ya Milford katika msimu wa Oktoba hadi Aprili hulipiwa miezi mingi kabla na huisha upesi. Usubi hulipwa papo hapo.