Tuache wivu na Goldenberg

Mataifa mengine huchimba almasi kwanza, yakatokwa na jasho, ndipo yauze. Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliona huo ni ushamba. Ikauza nje almasi bila kuwa na mgodi wa almasi hata mmoja, na serikali, kwa moyo wake mkunjufu, ikamlipa muuzaji, kampuni ya Goldenberg, fidia ya asilimia 35. Hakuna mlima uliobomolewa, hakuna mto uliochafuliwa, hakuna mchimbaji aliyefukiwa. Mwaka 2003 ikaundwa Tume ya Jaji Bosire kuichunguza biashara hiyo, maswali yakaulizwa, na magereza yetu hayakusongamana. Ni haki. Afungwe mwizi wa kuku: yeye alichukua kitu kilichokuwapo.